Kikombe Alichonyweshwa Kambi Ziro

KITUO CHA POLISI, MALINDI
MAELEZO YA NYONGEZA YA SHAHIDI

Jina: Phineas Thuku
Umri: Miaka 47
Kazi: Mshereheshaji wa arusi na hafla
Makazi: Muyeye, Malindi
Tarehe: 20 Juni 2025
Mbele ya: Sajenti Abigael Odera

Mimi ndimi mwenye jina lililotajwa hapo juu. Nilizaliwa Murang'a, lakini nimeishi Malindi miaka ishirini na miwili na watoto wangu wote wamezaliwa hapa. Kazi yangu ni kusherehesha arusi, mahafali na karamu za hotelini. Watu wengi mjini wanaijua sauti yangu kuliko sura yangu.

Jumatatu tarehe 16 mwezi huu niliandikisha maelezo katika kituo hiki. Nilisema kwamba vikombe vya mchezo wetu wa kuigiza vilipangwa mezani na Mwalimu Naznin, na kwamba mwigizaji mwenzangu Kambi Ziro hakutoa ishara yoyote ya kuumia. La kwanza ni nusu ya ukweli. La pili si kweli kabisa. Leo sikuitwa na mtu. Nimekuja mwenyewe na ninaomba kueleza upya.

Mwezi wa Machi mwaka huu Mwalimu Naznin Abdulrasul, anayefundisha fasihi katika shule moja ya sekondari hapa mjini, alinipigia simu akaniambia ameandika mchezo wa kuigiza na anatafuta watu wawili tu. Mchezo wenyewe unahusu mchoraji mmoja wa Malindi ya zamani. Mchoraji huyo amezeeka, mkono unatetemeka, na picha zote anazosifiwa nazo zinachorwa na msaidizi wake. Msaidizi ni bubu. Mchoraji anamnyanyasa mbele za watu ili asije mtu akadhani yule bubu ana lolote kichwani. Mimi nilipewa mchoraji. Bubu alipewa Kambi Ziro.

Kambi ni dobi katika hoteli moja upande wa pwani. Anaishi Magarini na mkewe Kadzo na watoto wao. Kabla ya mchezo huu nilikuwa nimemwona mara mbili tatu kwenye sherehe za wafanyakazi wa hoteli, akiigiza wageni wanavyotembea mchangani na viatu vyao. Ni mtu mpole, hazungumzi sana. Lakini ukimweka mbele ya watu, hata akikunja shuka tu, watu hawamwondolei macho.

Tulifanya mazoezi katika ukumbi ulio juu ya duka la vitambaa la akina Gokaldas. Mwenye ukumbi ni Bi Labhuben Gokaldas, mjane, ambaye sote humwita Mama Nikhil. Alitupa ukumbi bure, akatushonea na mapazia meusi ya madirishani ili mchana uonekane kama usiku. Kila tulipopanda ngazi tulimwamkia, "Shikamoo, Mama Nikhil," naye akajibu, "Marahaba, wanangu, msinivunjie viti."

Nataka ieleweke kwamba tangu mwanzo nilikuwa na kinyongo na Kambi. Yeye hakunikosea. Mimi nimezoea kuchekesha watu, na katika mchezo ule mchoraji ana vichekesho vichache sana. Kambi, asiyekuwa na neno hata moja, ndiye aliyekuwa akitazamwa. Kulikuwa na onyesho ambalo mchoraji anatembelewa na mgeni, na ili kumwonyesha mgeni utii wa msaidizi wake anampa masazo ya chai yake iliyopoa, yenye takataka ndani, na kumwamuru anywe. Bubu anakunywa kwa mkupuo mmoja, anapangusa mdomo, kisha anatabasamu. Hapo mgeni hayuko jukwaani. Mchoraji anazungumza naye kama ameketi kati ya watazamaji. Mara ya kwanza Kambi alipofanya hivyo mazoezini, Mwalimu Naznin aligeukia ukutani akajifuta macho. Mimi nilikuwa nimesema maneno mengi kabla yake, kwa sauti nzuri, na hakuna aliyeguswa hata na moja.

Mwalimu alitupa sharti moja kuhusu Kambi. Alisema, "Bubu hamgusi bwana wake mpaka onyesho la mwisho. Hata akipigwa, hamgusi. Nataka siku akimgusa, watu washtuke." Kambi alilishika sharti hilo. Katika miezi yote ile ya mazoezi hakunigusa, hata kwa bahati mbaya. Tukipishana jukwaani alikuwa akinipisha kama mtu anayepishana na moto.

Alhamisi tarehe 12 Juni, siku mbili kabla ya maonyesho, tulikuwa na mazoezi. Kwenye lile onyesho la chai nikaongeza mzaha wangu. Nilisema, "Kunywa, hii ndiyo supu ya wasio na ulimi." Waliokuja kututazama wakacheka. Kambi akakiweka kikombe chini. Ilikuwa nadra kumsikia akitoa hoja.

Akaniambia, "Kaka Phineas, ukiwachekesha hapo, mimi nitakuwa nakunywa kwa nini?"

Nikamjibu mbele ya watu, "Wewe humu ndani ni bubu. Kaa kibubu."

Wakacheka tena. Kambi naye akacheka kidogo, kwa adabu. Mwalimu Naznin hakucheka. Aliniambia, "Bwana Thuku, maneno ni yale niliyoyaandika," nami nikasema sawa. Sajenti ameniuliza kama huo ndio ugomvi wanaousema watu. Najibu ndiyo, ndio huo. Kwa upande wa Kambi haukuwa ugomvi. Ulikuwa wangu peke yangu, na niliubeba mpaka Jumamosi.

Siku ya maonyesho, Jumamosi tarehe 14, nilifika ukumbini kabla ya wenzangu. Nilikuja na chupa ya tapentaini, yale mafuta makali ya kusafishia brashi za rangi. Mazoezini tulikuwa tukitumia maji, lakini mimi nilishikilia kwamba watu wakisikia harufu yenyewe wataamini wako kwa mchoraji. Mwalimu alisitasita. Mwishowe akasema, "Basi iwe kidogo, na kikombe chake nikitie alama." Vikombe vilikuwa viwili, vyote vya bati, vyeupe, vya namna moja. Mwalimu alizungushia utepe mwekundu kwenye mpini wa kile cha brashi, akakiweka kushoto mwa meza. Kile cha chai akakiweka kulia. Alituita mimi na Kambi tuone. Tuliona. Kwa hiyo vikombe vilipangwa na Mwalimu, na vilipangwa sawasawa.

Yeye alipokwenda nyuma, mimi nilimwagia tapentaini kidogo kwenye matambara yaliyotundikwa jukwaani, ili watu wa viti vya nyuma nao waisikie. Sikumwambia mtu. Madirisha yalikuwa yamezibwa na mapazia. Mpaka watu wanaingia, ukumbi mzima ulikuwa unanuka mafuta yale na pua zilikuwa zimezoea.

Tulianza saa kumi alasiri. Watu walijaa kuliko tulivyotarajia, wengine wamesimama ukutani. Mama Nikhil alikaa kiti cha mbele kabisa, na mwanawe Nikhil kando yake. Walikuwepo wanafunzi, wafanyakazi wenzake Kambi, na watu wengi waliokuja kwa ajili yangu. Nasema hivyo kwa sababu nilipotokea tu walianza kucheka kabla sijafungua mdomo. Walikuja kuniona nikiwachekesha.

Katika onyesho la kwanza nilichovya brashi yenye rangi ya kahawia ndani ya kikombe cha utepe, kama tulivyofanya mazoezini, na yale mafuta yakageuka rangi ya chai. Kisha nikafanya jambo ambalo halikuwa kwenye mchezo. Niliona kuna mzaha nikiketi juu ya meza badala ya kitini, nikining'iniza miguu kama mtoto. Nikavisogeza vikombe ili nipate nafasi, nikaketi. Watu wakacheka sana. Nikaketi muda mrefu kuliko ilivyofaa. Nilipoinuka nikavirudisha vikombe mahali pake bila kutazama, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwa watu. Nilivirudisha kinyume, na mpini wenye utepe ukatazama nyuma.

Hili sikulisema Jumatatu. Nilijua nilivisogeza. Nilijua kuanzia Jumamosi ileile jioni.

Lilipofika onyesho la chai, taa zilikuwa zimepunguzwa, kama Mwalimu alivyotaka. Nilichukua kikombe cha kulia. Sikukishika mpini. Nilikishika ukingoni kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika kitu kichafu, maana nilidhani hilo nalo litawachekesha. Lau ningeshika mpini ningeugusa utepe. Nikampa Kambi. Nikasema maneno ya mchezo, "Kunywa, mgeni wangu aone nimekufunza adabu."

Kambi alikipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akanywa kwa mkupuo mmoja kama siku zote.

Macho yalimtoka. Alifungua mdomo na haikutoka sauti. Alipiga magoti, mkono ukapiga kile kiguzo cha kuwekea picha, picha ikaanguka, rangi nyekundu ikamwagika kifuani pake. Akawa anapiga sakafu kwa kiganja. Ukumbi mzima ulipasuka kwa kicheko. Walidhani bubu ameonja chai mbovu.

Nami nilidhani hivyohivyo. Nasema kweli, kwa mara hiyo ya kwanza nilidhani hivyo. Nilidhani Kambi ameamua kunilipa ya Alhamisi; kwamba kama kuchekesha ndiko ninakotaka, atanionyesha nani anajua kuchekesha. Nilikasirika. Nimesimama mbele ya watu miaka mingi, na najua kicheko kinapokuwa cha mwenzako. Kile kilikuwa chake.

Basi nikakitafuta. Niliinama nikamwambia kwa sauti kubwa, "Chai ya tajiri imekushinda? Bado haijaisha hii, malizia!" Watu wakacheka zaidi. Nikamshika kidevu kwa mkono wa kushoto, nikamwinua uso, nikakisukuma kikombe mdomoni mwake kwa mkono wa kulia. Hayo hayakuandikwa popote. Ni yangu.

Ndipo aliponishika. Alinishika kifundo cha mkono wa kulia kwa mikono yake yote miwili, kwa nguvu, akatikisa kichwa. Alikuwa ananitazama.

Sajenti amenisimamisha hapa. Ameniambia kwamba nilikuja kama shahidi, na kwamba ninayoyasema sasa yanaweza kutumiwa dhidi yangu mwenyewe. Nina haki ya kunyamaza na haki ya kumwita wakili kwanza. Nimemwelewa. Ninaendelea.

Sajenti ameniuliza, aliponishika nilielewa nini. Najibu kwamba nilielewa. Kambi hakuwahi kunigusa. Pumzi iliyonijia usoni ilikuwa ya tapentaini, haikuwa ya chai. Sikuhitaji kuambiwa. Nilijua kuwa mtu huyu ananiomba nimwache.

Na watu walikuwa wanacheka. Sijawahi kupata kicheko kama kile maishani mwangu. Kulikuwa na watu wameinamia viti vya mbele yao.

Niliuvuta mkono wangu ukatoka. Nikawageukia watu nikasema, "Mnaona? Leo bubu anataka kusema!" Kisha nikamnywesha tena. Sijui kiliingia kiasi gani. Kingine kilimwagika shingoni.

Sajenti ameniuliza kwa nini sikuacha. Jibu langu ni kwamba walikuwa wanacheka. Sina jibu jingine. Siku hizi zote nimelitafuta jibu lililo bora kuliko hilo na sijalipata.

Aliyekomesha ni Mama Nikhil. Aliinuka kwenye kiti chake cha mbele, mwanamke wa miaka sabini na kitu, akapiga sakafu kwa fimbo yake. Alisema, "Basi! Basi, nasema! Mtu huyu yuafa, nanyi mwacheka!"

Kicheko hakikukatika mara moja. Wa mbele walinyamaza kwanza. Wa nyuma waliendelea kidogo, kwa kuwa hawakumsikia, mpaka wakabaki wachache wakicheka peke yao ndani ya ukumbi ulionyamaza. Kambi alikuwa amelala ubavu, midomo imebadilika rangi. Mwalimu Naznin alitoka mbio nyuma ya pazia akapiga magoti, akanusa kikombe, akapiga ukelele. Nikhil na wafanyakazi wawili wa hoteli walimbeba Kambi wakamshusha ngazi, wakamtia kwenye gari la Nikhil, wakampeleka hospitali. Mwalimu aliondoka nao, kilemba chake kimelowa rangi.

Mimi sikwenda. Nilibaki jukwaani na kanzu ya mchoraji, nikafanya kazi niliyoizoea. Nilipaza sauti nikasema, "Wapendwa, tutulie, tutoke polepole, watoto mbele, ngazi ni nyembamba." Watu walinitii. Walitoka kwa utaratibu. Mwanamume mmoja alinishika bega mlangoni akaniambia, "Afadhali ulikuwepo wewe, pangekuwa na msukumano." Nikamshukuru. Nilimshukuru, Sajenti. Nilikubali sifa ile nikaingia nayo nyumbani.

Jumatatu niliitwa hapa kuandikisha maelezo. Nilipoulizwa habari ya vikombe nikasema vilipangwa na Mwalimu, nikaishia hapo. Nilipoulizwa kama Kambi alionyesha dalili nikasema yeye anaigiza bubu, isingewezekana mtu kujua. Afisa aliyeniandika aliitikia kwa kichwa. Lilikuwa jibu linaloingia akilini, nami niliona limeingia.

Jumatano tarehe 18, saa za kutazama wagonjwa mchana, nilikwenda hospitali. Nje ya wodi nilimkuta Kadzo, mkewe Kambi, ameketi kwenye benchi na chupa ya uji. Hatukuwa tumeonana zaidi ya mara moja. Aliinuka akanipa mkono.

"Karibu, shemeji," aliniambia. "Nimeambiwa wewe ndiwe uliyewatuliza watu siku ile. Mungu akubariki."

Nikamwuliza hali ya mgonjwa. Alisema mafuta yameingia mapafuni, na daktari amesema atapona lakini itachukua muda, na kazi ya dobi, ya mvuke na sabuni, huenda asiiweze tena. Sauti nayo haijarudi vizuri. Alisema yote hayo bila kulalamika. Kisha akasema, "Nyumbani Kambi hukusifu sana. Husema, yule mtu ukimpa watu mia tano anawashika wote kiganjani."

Niliingia. Kambi alikuwa ameegemezwa mito, na mpira wa hewa puani. Amekonda usoni. Alinitazama muda mrefu, mimi nikiwa nimesimama na mfuko wa machungwa. Kisha akaniashiria nisogee. Nikainama ili nimsikie.

Alisema kwa kunong'ona, "Nilikushika."

Nikasema, "Nilidhani ni mchezo, Kambi."

Akapumzika, akavuta pumzi, akasema, "Sikuwahi kukushika."

Niliutazama mfuko wa machungwa. Alingoja. Kisha alifumba macho, akageuza uso upande wa pili. Niliyaweka machungwa kwenye kikabati nikatoka.

Mlangoni Kadzo aliniuliza, "Amesema? Toka asubuhi hajasema nami. Amesema nini?"

Nikamwambia, "Amesema nikusalimu, na usiwe na wasiwasi."

Alifurahi. Alishika kifua, akasema, "Ahsante, shemeji." Katika yote niliyoyafanya sijui kama lipo linaloniuma kuliko hilo, nami nilifanya makubwa zaidi. Nadhani ni kwa sababu lile la jukwaani lilikuwa mbele ya watu na pirikapirika, lakini hili nililifanya kwa utulivu, uso kwa uso, na mwanamke aliyekuwa amekaa pale kutwa akingoja neno moja la mumewe. Nilimtungia.

Jana Alhamisi, kiasi cha saa nne asubuhi, nilipitia kwa Mama Nikhil kuchukua viatu vyangu vilivyobaki ukumbini. Nilimkuta Mwalimu Naznin chini dukani, amekuja kurudisha ufunguo. Nilikuwa nimesikia kwamba shule imemwambia akae nyumbani hadi polisi wamalize kazi yao, kwa kuwa baadhi ya wazazi wamelalamika. Alikuwa amevaa miwani ya jua ndani ya duka.

Nilimwuliza hali. Alisema, "Bwana Thuku, nakumbuka niliweka cha brashi kushoto. Nakumbuka vizuri. Lakini kila nikilala naona naweka kulia. Sasa sijui tena. Huenda niliviweka vibaya mimi."

Mama Nikhil alikuwa anapima kitambaa cha mteja. Aliacha mkasi akatusikiliza.

Nikamwambia Mwalimu, "Yameshatokea, Mwalimu. Usijitese."

Mwalimu alisema, "Nawezaje kutojitesa? Nusura nimuue baba wa watu." Akatoka. Mama Nikhil alinitazama. Alikaa kiti cha mbele siku ile, na aliniona nikiketi juu ya meza. Sijui kama aliona vikombe. Hakuniuliza. Alisema tu, "Viatu vyako viko juu, baba," akarudi kwenye kitambaa chake. Nilipanda nikavichukua, nikapita mlango wa nyuma nisipite tena mbele yake.

Jana hiyohiyo, baada ya chakula cha jioni, nilimkuta mke wangu Waruguru sebuleni anatazama ile video ya onyesho letu ambayo watu wanatumiana kwa simu. Nilikuwa nimeiona mara nyingi. Kila nilipoitazama nilijitetea kwamba yeyote angekosea, kwa jinsi watu walivyokuwa wakicheka. Lakini mwanetu mdogo alikuwa amelala kwenye kochi, kwa hiyo Waruguru alikuwa ameiondolea sauti.

Nilisimama nyuma yake, nami nikaitazama. Hakukuwa na kicheko chochote. Palikuwa na mtu amepiga magoti, na mtu mwingine amemshika kidevu, anamnywesha kwa lazima.

Waruguru hakugeuka. Alisema, "Baba Njeri, huyu mtu anakuomba."

Nikasema, "Ilikuwa giza pale."

Akasema, "Si giza. Mimi namwona kwenye kioo hiki kidogo. Wewe ulikuwa naye hapo hapo." Aliizima simu akambeba mtoto akaenda kulala. Asubuhi ya leo niliondoka nyumbani bila kumwambia ninakokwenda, nikaja hapa.

Sajenti ameniuliza kama nilitia mafuta kwenye kikombe cha chai kwa makusudi. Najibu hapana. Kubadilika kwa vikombe kulitokana na mimi kuvisogeza bila kuangalia. Ameniuliza kama Mwalimu Naznin ana kosa. Najibu hana. Aliviweka vizuri, akatia alama, akatuonyesha, na kama yangefuatwa aliyoyaandika hakuna ambaye angeumia. Naomba jambo hili lifikishwe shuleni kwake. Ameniuliza kama ninadai nilichanganyikiwa pale jukwaani. Najibu kwamba sikuchanganyikiwa. Mara ya kwanza nilikosea. Mara ya pili nilijua.

Sajenti ameniuliza kama kuna jingine ninalotaka kuongeza. Ninataka iandikwe kwamba Kambi Ziro ni mwigizaji bora kuliko mimi. Watu walioingia ukumbini siku ile hawakupata nafasi ya kuliona hilo, na mimi ndiye niliyewanyima.

Nimeyasema haya kwa hiari yangu, bila kutishwa wala kuahidiwa kitu, na nimeyasoma mwenyewe tangu mwanzo hadi hapa. Ni yangu yote.

Sahihi: P. Thuku

MAELEZO YA AFISA

Nimeyaandika maelezo haya leo tarehe 20 Juni 2025 katika ofisi ya upelelezi, nikianza saa tatu asubuhi. Shahidi alikuja peke yake. Alikuwa mtulivu, isipokuwa mara mbili alipoomba maji. Nilimpa onyo la kisheria ilipoonekana kwamba anajitia hatiani, na akachagua kuendelea bila wakili. Nimemjulisha kwamba maelezo haya yatapelekwa kwa mkuu wa upelelezi leo hii, na kwamba hatoruhusiwa kuondoka kituoni hadi uamuzi utolewe. Hakupinga. Mwalimu Naznin Abdulrasul amepigiwa simu aje kituoni mchana.

Nilimwuliza shahidi kama kuna mtu angependa ajulishwe. Alimtaja mkewe, akaomba azungumze naye mwenyewe. Nilimruhusu mbele yangu. Alizungumza Kikuyu, ambacho sikielewi, kwa sauti ndogo, kisha akasikiliza muda mrefu. Alipokata simu nilimwuliza kama mkewe anakuja. Alisema anakuja, lakini anapitia hospitali kwanza, kwa Kadzo, akamwambie alichosema Kambi.

Sajenti A. Odera
Kituo cha Polisi, Malindi